Usiandike 1934

Old Moshi, 8 Septemba 2024

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Ujumbe wako wa juzi umenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba viza imetoka na kwamba safari ni tarehe 28 mwezi huu. Nilimwambia baba yako, naye akaenda zizini akakaa huko muda mrefu kuliko kazi iliyokuwapo. Nadhani furaha na uchungu vilimjia pamoja. Nimeamua kukuandikia barua badala ya kukupigia simu, kwa sababu kwenye simu unanijibu haraka haraka, nami husahau nilichotaka kusema, na jambo hili sitaki lisahaulike.

Jana jioni baba yako mkubwa alipita hapa na karatasi yenye maneno ya jiwe la kaburi la Bibi, yale uliyomtumia. Fundi wa Moshi mjini anayataka kabla ya mwisho wa Oktoba, ili jiwe liwe tayari kabla watu hawajapanda mlimani kwa ajili ya Krismasi. Nimeyasoma mara tatu. Jina lake umeliandika sawasawa, na mstari wa Zaburi uliouchagua ndio hasa alioupenda. Lakini umeandika kwamba alizaliwa 1934. Nakuomba uufute mwaka huo. Bibi yako hakuzaliwa 1934. Alizaliwa 1926, na kama unaona vigumu kuandika 1926 bila hati mkononi, andika "yapata 1926", au acha mwaka wa kuzaliwa kabisa, lakini 1934 usiandike.

Najua utakachosema, kwa kuwa ulikwisha kukisema mwezi Machi, siku ya pili ya msiba, tulipokuwa tumekaa jikoni na shangazi yako: "Mama, hati ndiyo hati." Nilinyamaza kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu na masufuria yalikuwa motoni. Kesho yake ulisimama mbele ya jeneza ukasoma wasifu wake bila sauti kutetemeka, hata mchungaji akaniuliza baadaye kama wewe ndiye yule mtoto aliyekuwa akilala na Bibi, nami nikamjibu kwamba ndiye, na nilijivuna, sikufichi. Hata hivyo uliposoma "akiwa na umri wa miaka 90", mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu aliguna, nami nikatazama chini. Miaka 90 ni mingi, na aliyefika huko hana sababu ya kulalamika. Lakini yeye aliishi 98, na ile minane haikuwa mali yetu hata tuipunguze.

Wewe ni mtu wa takwimu, basi nitakuwekea hesabu yenyewe, kisha uniambie ni wapi nimekosea.

Unajua kwamba Bibi hakuwahi kutaja mwaka kwa namba hadi alipozeeka. Alihesabu kwa mambo yaliyotokea. Alisema baba yako mkubwa alizaliwa mahindi yalipokuwa yakibeba, mwaka uliofuata ule babu yako aliporudi kutoka vita vya Bama (Burma) alikokwenda na Keya, jeshi la Waingereza. Kadi ya ubatizo ya baba yako mkubwa inasema 1947, na babu yako alirudi 1946. Alisema shangazi yako ni wa mwaka ule Thomas Marealle aliposimikwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga. Kadi yake inasema 1952, na huo ndio mwaka wenyewe. Baba yako, Bibi alimweka kwenye mwaka ambao Mwalimu Nyerere alikwenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, yaani 1955, na kadi inakubali. Yule wa mwisho, ambaye hakumaliza wiki mbili na ambaye huenda hujawahi kuambiwa habari zake, alizaliwa Desemba 1961, siku zile mwenge ulipowashwa kileleni Kibo. Huyo hana kadi, lakini sijui mama ambaye angekosea juu ya mtoto wa namna hiyo. Sasa niambie, mwanangu: mtu ambaye hesabu yake imekubaliana na karatasi kila mara tulipoweza kuilinganisha, kwa nini tumkatalie pale tu anapojihesabu yeye mwenyewe?

Na yeye mwenyewe alijihesabu hivi. Mama yake alikuwa na mimba yake msimu ule baba yake aliporudi na miche ya kwanza ya kahawa, akisema kwamba wakulima wa Kilimanjaro wameungana kuwa chama chao wenyewe. Hicho ni chama cha Joseph Merinyo na wenzake, KNPA, kilichoanzishwa 1925, miaka minane kabla ya KNCU, ushirika wetu wa kahawa, kuzaliwa. (Ona, minane tena.) Nzige walipokuja, miaka ya mwanzo ya 1930, yeye alikuwa na umri wa kupelekwa shamba la chini pamoja na kaka zake kupiga debe ili wasitue kwenye ulezi, na alikuwa akituonyesha namna walivyopiga, kwa kijiti kwenye mgongo wa sufuria, akiwa tayari amevuka miaka 80. Mwaka 1937, wakulima walipovamia maghala ya KNCU kwa hasira ya bei na ya kulazimishwa kuuza huko, baba yake alimkataza kupita barabarani na mzigo wa kahawa kichwani. Mtoto wa miaka mitatu habebi mzigo wa kahawa. Alipata kipaimara kabla mchungaji Gutmann hajaondoka Old Moshi kurudi kwao Ujerumani, na Gutmann aliondoka 1938. Je, alipata kipaimara akiwa na miaka minne?

Halafu kuna ndoa. Aliolewa 1946, babu yako alipotoka jeshini, na mwaka uliofuata akajifungua. Ukichonga 1934 kwenye jiwe, umewaandikia wajukuu na vitukuu kwamba babu yao alimwoa mtoto wa miaka 12. Hawatatuuliza sisi, kwa kuwa tutakuwa tumelala hapo hapo kando ya jiwe. Watatoa namba moja katika nyingine na kumlaani mtu ambaye hakufanya kosa hilo. Bibi alikuwa na miaka 20 alipoolewa, na alisema mwenyewe kwamba kwa desturi ya wakati ule alionekana amechelewa, kwa sababu alikuwa akilea wadogo zake.

Kadi yake ya ubatizo ingemaliza maneno haya yote, lakini iliungua pamoja na nyumba ya nyasi kabla sijafika katika boma hili.

Nimesimama kidogo kuandika kwa sababu ng'ombe alianza kulia. Ni yule mwekundu, bado siku chache azae, na baba yako anasema ndama amekaa vizuri. Akizaa jike tutambakiza, akizaa dume atauzwa Januari kwa ajili ya bati la jiko, kwa kuwa upande wa mashariki unavuja na mvua za vuli haziko mbali. Maji ya mfereji yanatufikia mara mbili tu kwa wiki sasa. Bibi alijua zamu za mfereji huu nyumba kwa nyumba tangu juu hadi chini, na pakitokea ugomvi wazee walikuwa wakija kumuuliza yeye, mwanamke, ni ukoo gani uliochimba sehemu ipi. Wiki iliyopita walizozana tena, hakukuwa na wa kumuuliza, na waliishia kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kahawa imebaki mistari ile miwili nyuma ya nyumba. Ninapoipalilia huwa nakumbuka kwamba alikataa kuing'oa hata majirani walipong'oa. Ulipozaliwa wewe, 1992, bei ilikuwa imeporomoka tangu mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika 1989, na kila mtu alikuwa akipanda nyanya na maharage mahali pake. Baba yako alitaka kufanya hivyo hivyo. Bibi alisema kahawa hiyo imeona mrututu mwingi kuliko sisi, kwamba yeye na babu yako waliipulizia kwa bomba la mgongoni miaka ile ugonjwa wa chulebuni ulipoingia, hadi mikono yao ikawa ya buluu. Kwamba 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika na KNCU ikafungwa, hawakuing'oa. Kwamba wakati wa vita vya Kagera na baada yake, sukari na sabuni zilipokuwa zikivushwa kwa magendo usiku kutoka upande wa Kenya, hawakuing'oa. Sasa bei imepanda kidogo na baba yako anajifanya kwamba uamuzi wa kuiacha ulikuwa wake. Mwachie. Lakini wewe ujue ulikuwa wa nani.

Nisamehe nikienda huku na huku. Kila ninachokishika katika boma hili kina mkono wake. Nimekaa naye miaka 43, muda mrefu kuliko nilivyokaa na mama yangu mzazi.

Nataka pia nikuambie jambo ambalo limekaa kooni tangu Machi. Katika watoto na wajukuu wote, wewe ndiye uliyejua Kimochi chake, lugha yetu ya hapa, vizuri kuliko wengine. Kaka zako husikia lakini hawawezi kujibu. Wewe ulilelewa mgongoni kwake. Basi kwa nini, ulipopewa kazi ya kuandika wasifu wake, ulifungua kabati ukachukua kitambulisho, badala ya kukaa nami saa moja, au na shangazi yako, ukatuuliza? Hata kabla hajafa, Krismasi iliyopita, alikuita mara mbili akitaka kukuhadithia habari za debe na nzige, nawe ulikuwa na kompyuta mapajani ukisema, "Subiri, Bibi, namaliza." Alisubiri. Kisha akalala. Sisemi hivi ili nikuumize unapojiandaa kuondoka. Nasema kwa sababu mimi pia nilimwambia "subiri" mara nyingi, na yangu ni mengi kuliko yako.

Nilipofika hapa nilikuwa mwalimu kijana, wa wale waliosomeshwa haraka ili madarasa yapate walimu wakati wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na niliona kwamba nimekuja kuwafundisha watu kusoma. Bibi alikuwa amekwisha kujifunza kusoma kanisani akiwa mtoto, kabla mama yangu hajazaliwa, lakini sikuuliza. Alipokuwa akinilisha baada ya uzazi wa kaka yako wa kwanza, miezi mitatu mizima ya mtori, kitawa na maziwa yenye siagi, mimi nikikatazwa hata kuchota maji, nilikuwa nikilalamika kwa shemeji zangu kwamba ananifunga ndani. Leo nasikia wasichana wanaorudi kazini mtoto akiwa na wiki chache, nami nafikiria yule mama mkwe aliyebeba kuni zake mwenyewe ili mimi nilale. Na nilipokwenda chuoni miaka miwili kuongeza daraja, wewe ulikuwa na miezi kumi na moja, ukaachwa kwake. Niliporudi ulikuwa ukimwita yeye "mama" na mimi ukiniita "mwalimu", kama walivyoniita watoto wa njiani. Yeye ndiye aliyekufundisha kuniita mama. Alikukalisha kwenye kigoda, akakuonyesha mimi kwa kidole na kukutamkisha, jioni baada ya jioni. Hilo huwezi kulikumbuka, kwa hiyo nalitaja.

Narudi kwenye 1934, kwa kuwa sijakuambia mwaka huo ulitoka wapi, nawe huenda unadhani ulitoka kwa karani tu.

Siku ile ya kuandikisha vitambulisho mimi ndiye niliyempeleka. Tulifika alfajiri, foleni ikawa ndefu, na hadi saa saba mchana ndipo tukafika mezani. Kijana aliyekuwa akiandika alimuuliza mwaka wa kuzaliwa. Bibi akaanza kama kawaida yake: andika, mwaka ule baba aliporudi na miche ya kahawa. Kijana akainua uso kunitazama. Bibi akaendelea, habari za chama, habari za ulezi, kwa sauti ile ya polepole, na watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kunung'unika. Mimi nilikuwa nimemwacha ndama mgonjwa nyumbani. Jua lilikuwa kali. Nikasema, "Andika 1934." Niliusema mwaka huo kwa sababu ndio mwaka aliozaliwa mama yangu mimi, nao ndio uliokuwa karibu na ulimi. Siku na mwezi walijaza wao wenyewe. Kijana akaandika, akamshika Bibi kidole gumba, na kazi ikaisha.

Bibi hakusema neno mezani. Tulipofika penye daraja la mfereji akasimama kupumzika, akaniambia, bila hasira, "Leo umenifanya mdogo wa mdogo wangu." Ni kweli, kwa sababu mdogo wake anayemfuata alizaliwa 1929. Nilicheka. Nilidhani ni utani, au nilichagua kudhani hivyo. Nilimwambia kwamba karatasi ni ya serikali tu, haibadilishi chochote. Na tazama sasa, karatasi ile imekwenda kwenye bima, imekwenda kwenye orodha ya wazee, imekwenda kwenye wasifu uliousoma mbele ya watu, na sasa inataka kupanda juu ya jiwe.

Lakini hata hilo si lote, na ndilo linaloninyima usingizi tangu jana. Mama yake Bibi alifariki 1933, mwaka ule KNCU ilipoanza. Alifariki kwa homa baada ya njaa iliyofuata nzige, akaacha watoto wanne, na Bibi akiwa na miaka saba akawa ndiye msichana mkubwa wa nyumba. Umemsikia mara nyingi akisema habari za uso wa mama yake: alama ndogo juu ya jicho, na namna alivyokuwa akitembea mbele yake kushuka shamba la chini, kisigino kikiwa kimepasuka, naye akikitazama kisigino kile njia nzima ili asipotee. Miaka saba hiyo ndiyo yote aliyokuwa na mama yake. Ukiandika 1934, umeandika kwamba alizaliwa mama yake akiwa amekwisha kuzikwa. Umemwondolea yule mama. Na mimi nilijua hayo yote siku ile mezani, kwa kuwa alikuwa amenihadithia zaidi ya mara ishirini, na bado nikasema 1934 kwa ajili ya ndama.

Kwetu mtu akimkosea mwenzake humpelekea jani la isale, na ukiletewa isale huna ruhusa ya kukataa kusamehe. Nilikuwa na isale kwenye mpaka wote wa kihamba hiki, shamba letu la nyumbani, nikipita kando yake kila siku na ndoo. Sikulichuma hata moja. Nilijiambia kwamba jambo la karatasi si jambo la isale.

Kwa hiyo usinijibu kwamba hati ndiyo hati. Hati hiyo ni mimi.

Baba yako anasema tuache, kwamba wafu hawasomi. Baba yako mkubwa anasema atafuata utakaloandika wewe kwa kuwa wewe ndiye msomi wa nyumba. Shangazi yako yuko upande wangu, na ametaja jambo jingine ambalo sikulijua: kwamba Bibi alimwomba, mwezi mmoja kabla hajafa, kwamba asizikwe na "miaka ya mama wa mkwe wangu". Basi alijua hata mwaka ule nilikoutoa. Hakuniambia.

Kuhusu safari yako, sina mengi. Baridi ya huko usiipime kwa baridi ya hapa mlimani. Nunua koti ukifika, usibebe lile la kaka yako ambalo linakupwaya. Usimwazimishe mtu pasipoti wala kumwachia hata kwa saa moja. Kula. Nimekufungia unga wa ulezi kilo mbili na majani makavu ya mchaichai. Kama forodha wataukataa, usibishane nao. Tafuta kanisa kabla hujatafuta marafiki. Usikope kwa ajili ya kututumia fedha. Tunakula vizuri, na deni la kaka yako si lako, nimekwisha kumwambia alilipe mwenyewe.

Na kwa kuwa unakwenda Leipzig, kumbuka kwamba wamisionari walioleta shule na kanisa letu huku kuanzia 1893 walitumwa kutoka mji huo. Kumbukumbu zao, nimeelezwa na mchungaji, ziko Halle, si mbali na utakapokaa. Sikutumi ukatafute cheti, kwa kuwa sitaki usimamishe jiwe hadi karatasi nyingine ipatikane, na masomo yako ndiyo yaliyokupeleka. Lakini watu hao walipiga picha nyingi za Old Moshi, na siku moja ukipata nafasi, utazame. Huenda kuna mwanamke mwenye alama juu ya jicho. Babu yake Bibi alikuwa miongoni mwa watu waliokuwapo Tsudunyi, hapa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wetu, na wazee wetu wanakitafuta kichwa chake huko Ujerumani hadi leo. Usiogope kuwaambia huko kwamba wewe unatoka hapo. Sema kwa adabu, lakini sema.

Nakuomba sasa ufanye jambo hili kabla ya tarehe 28, kwa sababu ukishafika huko utakuwa na mambo mengi na fundi hatasubiri. Mwandikie baba yako mkubwa ujumbe mmoja tu. Anatozwa kwa herufi, kwa hiyo nimefupisha. Chini ya jina lake iwe hivi: "Alizaliwa yapata 1926. Alilala 11 Machi 2024." Kama fedha zitatosha, ongeza jina la ubatizo la mama yake mstari wa chini, "binti wa" kisha jina. Unalijua. Nitalipia mimi herufi hizo kutoka kwenye fedha ya maharage, wala usimwambie baba yako.

Masale niliyoyapanda kuzunguka kaburi baada ya mazishi yameshika yote isipokuwa moja, upande wa miguu. Nitapanda jingine vuli ikianza.

Ni mimi mama yako